Trekta linalokula oili: je, ringi mpya zinatosha?

Mkulima wa Kiteto, mkoani Manyara, anauliza: "Nina trekta la Massey Ferguson 240 nililonunua likiwa limeshatumika, nami nimelilimia misimu sita, shambani kwangu na kwa majirani wanaonikodi. Tangu mwaka jana linakula oili karibu lita moja kwa siku ya kazi, linatoa moshi wa bluu, na asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe. Likipanda mwinuko na plau linachoka mapema. Fundi wa kwanza ananiambia nibadilishe ringi tu, zile pete za pistoni. Wa pili anataka kufungua injini yote. Wa tatu ananishauri nitafute injini ya mtumba. Nimsikilize yupi?"

Pole kwa usumbufu, ndugu mkulima. Katika maelezo yako sikuona mahali ambapo fundi yeyote kati ya hao watatu alipima chochote, na injini iliyolika haitengenezwi kwa makisio. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi, lakini hilo litajulikana baada ya vipimo ambavyo vingi havihitaji mashine ya gharama. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi moja ya vipuri, tafuta majibu ya maswali mawili: injini imelika wapi na kwa kiasi gani, na ni kitu gani kilichoila. Swali la pili ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linaloamua kama injini utakayoitengeneza itadumu miaka au itarudi kwenye moshi uleule baada ya msimu mmoja.

Habari njema ni kwamba injini yako ilibuniwa ili itengenezwe upya. Massey Ferguson 240 nyingi hubeba injini ya Perkins AD3.152, ambayo ni jamaa ya karibu ya ile iliyokuwa kwenye matrekta ya zamani ya Massey Ferguson 135. Ina silinda tatu, kipenyo cha silinda ni milimita 91.4 na mwendo wa pistoni ni milimita 127. Hiyo namba 152 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani lita 2.5. Ndani ya kila silinda kuna slivu, ambayo wengine huiita laina, na slivu hizo ni za aina kavu: maji ya rejeta hayazigusi, zimekaa ndani ya bloku kama ala ndani ya ala. Zikilika hutolewa na kuwekwa nyingine, na bloku hubaki ileile. Ndiyo maana sioni haraka ya kuitupa injini hii, hata kama imechoka sana.

Tuanze na dalili zenyewe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, lakini haukuambii oili hiyo imepita wapi. Inaweza kupanda kupitia ringi, inaweza kushuka kupitia gaidi za valvu (mirija ambamo shina za valvu hupanda na kushuka), na inaweza hata kuvutwa kutoka kwenye chujio la hewa la oili lililojazwa kupita alama. Moshi ukitoka kwa wingi unapoachia mafuta trekta likiwa kwenye mteremko, kisha unapokanyaga tena, shuku gaidi za valvu kwanza. Ukiongezeka kadiri unavyoibebesha injini mzigo, na tundu la kupumulia la injini nalo likafuka, shuku ringi na slivu. Vilevile hakikisha kwamba lita hiyo moja inaungua kweli: laza kadibodi safi chini ya injini usiku kucha, na asubuhi tazama kama haina madoa nyuma, mahali injini inapokutana na giaboksi. Sili ya nyuma ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwenye injini nyingi za aina hii ni ya kamba, na ikichakaa humwaga oili nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu kugoma asubuhi, kumbuka kwamba dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Hewa hiyo ikivuja kupita pembeni mwa ringi, au kupita chini ya valvu isiyokaa vizuri, joto halifikii kiwango cha kuwasha mafuta. Lakini betri dhaifu au stata inayozungusha polepole huleta dalili hiyohiyo kabisa, kwa sababu hewa inayobanwa polepole hupoteza joto lake kwenye chuma baridi. Nimeona injini zikifunguliwa bure wakati kasoro ilikuwa waya wa betri ulioota kutu kwenye kichwa chake. Safisha nyaya, azima betri nzuri, jaribu tena, ndipo uendelee.

Sasa kipimo cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Mwambie fundi alete geji ya dizeli, kwa sababu geji ya petroli haihimili: injini ya dizeli ya aina hii ambayo haijachakaa husoma presha ya kiasi cha psi 350 hadi 450, kutegemea geji na kasi ya stata. Geji hufungwa kwenye tundu la nozeli, ile inayonyunyiza mafuta ndani ya silinda, mafuta yakiwa yamezimwa na injini ikiwa na joto kidogo. La kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote tatu zikiwa chini kwa usawa, huo ni uchakavu wa jumla. Moja ikiwa chini sana na mbili nzuri, huenda tatizo ni valvu, ringi iliyovunjika au gasketi ya hedi (hedi ni kichwa cha injini kinachofunika silinda), na pengine hutahitaji kununua seti nzima. Mafundi wengine humwaga oili ndani ya silinda ili kuona kama kompresheni itapanda. Kwenye petroli hilo linasaidia. Kwenye dizeli nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, oili yoyote itapandisha namba na kukudanganya, na ikizidi pistoni inaweza kuigonga kama jiwe na kupinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Msiifanye.

Hapa nataka tusimame kwa muda kwenye vumbi, maana Kiteto naifahamu wakati wa kulima kabla ya mvua, pale trekta linapotembea ndani ya wingu lake lenyewe kutwa nzima. Vumbi la shamba lina mchanga laini, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha slivu. Likipita kwenye chujio hukwama kwenye oili iliyo ukutani mwa silinda, na kuanzia hapo kila mwendo wa pistoni unakuwa msasa. Injini iliyolishwa vumbi inaweza kumalizika kwa muda mfupi ajabu, hata kama oili yake ilibadilishwa kwa wakati.

Fanya jaribio hili mwenyewe, leo, bila fundi. Fungua mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini. Chukua kitambaa cheupe kikavu, kizungushe kwenye kidole, kisha upanguse ndani ya mpira huo na ndani ya mdomo wa manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Upande huu wa chujio hewa inatakiwa kuwa imekwisha kusafishwa. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo, umempata mwizi: kuna mahali hewa inaingia bila kuchujwa. Kisha kunja mpira huo kwa mikono miwili, hasa pale klipu inapoubana, kwa sababu ufa hujificha chini ya klipu na hufunguka tu injini inapotikisika. Baada ya kurudisha kila kitu, washa injini ikiwa saileni, yaani ikizunguka polepole bila mzigo, kisha ziba mdomo wa chujio kwa kipande cha ubao laini, usitumie kiganja. Injini inayopata hewa yake yote kupitia chujio itazimika baada ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma, basi inapumua kwingine.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu liliwahi kunikuta. Miaka mingi iliyopita nilitengeneza injini ya trekta la mkulima mmoja wa bonde la Kilombero, nikapima kila kitu kwa uangalifu, slivu mpya, pistoni mpya, krenki imechongwa. Baada ya msimu mmoja akarudi na moshi uleule. Tulipoufungua mpira wa hewa tukakuta ufa usiozidi urefu wa ukucha, chini ya klipu ambayo mimi mwenyewe niliikaza bila kuutoa mpira na kuukagua. Mkulima yule alipoteza pesa ya mavuno mawili. Tangu siku hiyo mpira wa hewa haurudi kwenye injini niliyoifungua. Naweka mpya, hata wa zamani ukionekana mzima.

Chujio lenyewe, ikiwa ni lile la bakuli la oili, linahitaji kuangaliwa kila siku wakati wa kiangazi. Tope likijikusanya chini ya bakuli, mwaga, osha, weka oili mpya mpaka kwenye alama na si zaidi, kwa sababu oili inayozidi huvutwa na injini, na dizeli inayovuta oili yake yenyewe inaweza kukimbia kasi isiyozuilika hata ukikata mafuta. Wavu wa ndani uoshwe kwa dizeli na uachwe uchuruzike kabisa kabla ya kurudishwa.

Ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba silinda zimechoka, hedi itolewe na sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ishushwe. Kwenye matrekta haya injini ni sehemu ya mwili wa trekta, imefungwa mbele kwenye kiti cha ekseli na nyuma kwenye giaboksi, hivyo trekta lazima liegemezwe kwa magogo imara na kabari kabla ya kulegeza boliti yoyote kubwa. Jeki peke yake isiaminiwe hata kwa dakika moja.

Hedi ikishatoka, pitisha ukucha ukutani mwa silinda kutoka juu kushuka chini. Karibu na mdomo utakuta ngazi ndogo. Juu ya ngazi hiyo ringi haifiki, kwa hiyo chuma hakijalika. Chini yake ndipo ringi ya kwanza hugeukia, penye joto kali zaidi, oili nyembamba zaidi na vumbi jipya zaidi. Hapo ndipo slivu hulika kuliko kwingine, ikawa pana juu na nyembamba chini. Na hapo ndipo lilipo jibu la fundi wako wa kwanza. Ringi mpya ikiwekwa ndani ya slivu ya namna hiyo hulazimika kufunguka na kujibana kila inapopanda na kushuka, haishiki ukuta sawasawa, na ukingo wake mkali unaweza kuigonga ile ngazi na kuvunjika. Moshi utapungua kwa majuma machache, kisha utarudi.

Karakana nzuri itapima kwa geji ya silinda. Usipokuwa nayo, ringi moja mpya na fila geji (mabamba membamba ya kupimia mianya) vinatosha kukupa picha. Isukume ringi kwa kichwa cha pistoni hadi chini kabisa, mahali ambapo pistoni haisugui, upime mwanya wa ncha zake. Kisha ivute juu, chini kidogo ya ile ngazi, upime tena. Tuseme chini umepata milimita 0.35 na juu milimita 1.00. Tofauti ni 0.65; igawe kwa 3.14, utapata takriban 0.2, na hicho ndicho kiasi ambacho kipenyo cha juu kimezidi cha chini. Mimi binafsi, slivu ikifika milimita 0.2 naitoa. Ikiwa chini ya nusu ya hapo, haina mikwaruzo, na pistoni ni nzima, nakubaliana na fundi wa kwanza: kuhoni kidogo, yaani kusugua ukuta wa silinda kwa jiwe, na ringi mpya vinaweza kukupa misimu mingine kadhaa kwa gharama ndogo. Pistoni nayo ipimwe kwa kuingiza ringi mpya kwenye mfereji wake wa juu. Fila geji ya milimita 0.15 ikipita kwa urahisi kati ya ringi na ukingo wa mfereji, pistoni hiyo imekwisha, hata kama inang'aa.

Unaponunua slivu, uliza ni za aina gani. Zipo za chuma cha kalibu, ambazo hushindiliwa kwa presi na mara nyingi huchongwa na kuhoniwa zikiwa ndani ya bloku, na zipo nyembamba zenye kromu, ambazo huingia kwa mkono na hazichongwi kamwe. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni ringi ya juu ya kromu kuwekwa ndani ya slivu ya kromu: vyuma viwili vigumu namna hiyo havizoeani, hukwaruzana. Nunua seti moja kamili, pistoni, ringi na slivu zilizokusudiwa kukaa pamoja, na usikubali kuchanganyiwa kutoka kwenye maboksi matatu kwa sababu tu bei imepungua. Vilevile, pistoni mpya ikifika juu kabisa, urefu inaoutokeza kwenye uso wa bloku upimwe na kulinganishwa na kitabu cha injini. Inayozidi itaigonga hedi.

Slivu zikishahoniwa, zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Wengi huosha kwa petroli au dizeli, ambayo huondoa mafuta na kuacha unga wa jiwe la kuhonia ndani ya mikwaruzo. Kausha, kisha paka oili mara moja, maana chuma kilichooshwa hivyo huanza kuota kutu ndani ya dakika chache.

Kwenye krenki sina maneno mengi. Fundi apime kila shingo, yaani sehemu inayozunguka ndani ya beringi, kwa maikromita pande mbili zinazokingamana. Ikiwa mviringo umepotea kwa karibu milimita 0.05, au kuna michirizi inayokwaruza ukucha, ichongwe kwa saizi inayofuata, yaani 0.25, 0.50 au 0.75, na beringi zinunuliwe baada ya kuchonga, si kabla. Mchongaji aache mviringo laini kwenye pembe za shingo, kwa sababu pembe kali ndipo krenki inapokatikia. Ikiwa presha ya oili ya trekta lako, injini ikiwa na joto na ikizunguka kwa kasi ya kazi, bado ni kati ya baa 2 na 4, na shingo ni nzima, kubadilisha beringi kwa saizi ileile kutatosha.

Hedi ikaguliwe unyoofu wake kwa rula ya chuma, gaidi zitazamwe, na valvu zisagwe bila kuzamishwa kupita kiasi, kwa sababu valvu iliyozama huongeza nafasi na kupunguza kompresheni unayoihangaikia. Nozeli zote tatu zipelekwe kwenye mashine ya kupimia kabla hazijarudi: inayodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza huosha oili ukutani mwa silinda na inaweza kutoboa pistoni mpya ndani ya siku chache. Nafasi ya valvu kwenye injini hii ni milimita 0.30 ikiwa baridi. Boliti zote zikazwe kwa spana yenye kipimo na kwa mpangilio wa kitabu, si kwa nguvu za bega la kijana.

Na usikubali themostati iondolewe. Najua mafundi wetu wengi huiondoa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, mafuta hayaungui yote, hutiririka ukutani na kuchanganyika na oili, na slivu hulika haraka. Ikiwa trekta linachemka, safisha rejeta, hasa mbegu za majani zilizojaza mapezi kwa nje na magadi ya maji ya kisima yaliyoganda kwa ndani.

Kuhusu injini ya mtumba, siikatai moja kwa moja. Kama bloku yako imepasuka, au krenki imefika mwisho wa kuchongwa, inaweza kuwa nafuu. Lakini injini iliyokaa sakafuni dukani haina historia, na sauti yake ikiwashwa kwa dakika tano haikuambii chochote kuhusu slivu. Muuzaji akubali hedi itolewe na zile hesabu za ringi zifanyike mbele yako. Akikataa, unanunua uchakavu usioujua ili uache ule unaoujua. Kwa dalili ulizozieleza, dau langu ni kwamba slivu zako zimelika kwa vumbi na bloku ni nzima, kwa hiyo fundi wa pili ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, kwa masharti kwamba afungue ili apime, na anunue kile tu ambacho kipimo kimekidai.

Panga kazi hii mara baada ya kulima kwisha, wakati karakana za Dodoma na Arusha hazijajaa na wewe huna haraka. Injini ikikamilika, ijaze oili mpya, takriban lita 7 na filta mpya, na uizungushe kwa stata mafuta yakiwa yamezimwa mpaka geji ya oili inyanyuke. Toa hewa kwenye mfumo wa dizeli kuanzia filta, kisha pampu, mwisho kwenye nati za mabomba ya nozeli, kisha uwashe. Ikishapata joto, fuata kitabu cha injini kuhusu kukaza hedi mara ya pili, na upime nafasi za valvu upya. Usiiache saileni kwa saa nyingi ukidhani unaihurumia. Ringi mpya huhitaji mzigo wa wastani ili zikae, na bila mzigo ukuta wa silinda hung'arishwa kama kioo na oili itaendelea kupanda. Tela lenye mzigo wa kiasi na haro nyepesi vinafaa kwa saa 25 za mwanzo, plau ije baadaye. Saa hizo zikitimia, mwaga oili ile ya kwanza ikiwa bado ya moto, badilisha filta, na siku hiyohiyo ufungue tena ule mpira wa hewa na kupitisha kitambaa cheupe.